Kalsiamu bila maziwa: nini cha kumlisha mtoto, nini cha kula mwenyewe

Maziwa ni chanzo kizuri cha kalsiamu, madini ambayo wengi tunayajua kwa jina la madini ya chokaa. Lakini nyumba nyingi hazina maziwa kila siku. Kuna nyumba ambako bei hairuhusu. Kuna mtoto ambaye akinywa tu anaharisha au anatokwa na vipele. Kuna mama ambaye tumbo lake halijawahi kupatana na maziwa. Mama wa namna hii akiambiwa kliniki ampe mtoto maziwa kwa ajili ya mifupa, hurudi nyumbani na wasiwasi, kwa sababu ushauri aliopewa hauna njia ya kuutekeleza.

Makala hii ni ya huyo mama, na ya bibi, shangazi, baba au dada wa nyumbani anayeshinda na mtoto. Kalsiamu ya kutosha inaweza kupatikana bila maziwa ya ng'ombe wala ya mbuzi, na baadhi ya vyakula vyenye kalsiamu nyingi vinauzwa sokoni kwa fungu na kwa kisado. Shida ni kwamba baadhi ya vyakula vinavyosifiwa havina kalsiamu ya maana, na vingine vinayo lakini haviuachii mwili uichukue.

Kalsiamu inafanya kazi gani?

Karibu kalsiamu yote ya mwili, asilimia 99, imo kwenye mifupa na meno. Kidogo kinachobaki kimo kwenye damu na misuli, na bila hicho kidogo moyo haudundi sawasawa na misuli hukakamaa. Kwa hiyo mwili haukubali kiasi cha damuni kishuke. Chakula kisipoleta, mwili unachota kwenye mifupa. Ndiyo maana mtu anaweza kuishi miaka na upungufu bila kuhisi lolote. Kwa mtoto mambo hujitokeza mapema zaidi, kwa sababu yeye bado anaijenga mifupa na hana akiba ya kuchota.

Kiasi gani kinatosha?

Mwongozo wa pamoja wa Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) unataja miligramu 500 kwa siku kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 3, miligramu 600 kwa wa miaka 4 hadi 6, na 700 kwa wa miaka 7 hadi 9. Kuanzia miaka 10 hadi 18 kiasi kinapanda ghafla hadi 1,300, kwa sababu huu ndio umri mtoto anarefuka haraka. Mwanamke mtu mzima anahitaji 1,000, na mjamzito katika miezi mitatu ya mwisho 1,200. Ukisoma mwongozo wa nchi nyingine utakuta tarakimu tofauti kidogo. Usishangae, kila nchi ina hesabu zake.

Ili tarakimu hizi zipate maana, kumbuka kipimo kimoja: kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina takriban miligramu 300.

Mtoto wa chini ya miezi 6 haingii kwenye hesabu hii. Maziwa ya mama pekee yanamtosha, na hayapungukiwi kalsiamu hata kama mama mwenyewe hali vizuri, kwa kuwa mwili wa mama huchota kwenye mifupa yake ili mtoto apate. Mifupa hiyo hujijenga tena mtoto akiacha kunyonya, mradi mama apate chakula. Baada ya miezi 6 mtoto anaanza chakula cha nyongeza huku akiendelea kunyonya, na hapo ndipo hesabu inaanza.

Sasa angalia siku ya kawaida ya mtoto wa miaka miwili na nusu aliyekwisha kuachishwa. Asubuhi uji wa sembe na chai ya rangi, mchana ugali na maharagwe, jioni ugali na matembele kidogo. Ameshiba, na huenda hata uzito wake uko kwenye rangi ya kijani ya kadi. Lakini unga wa mahindi, uwe sembe au dona, una kalsiamu kidogo mno: haifiki miligramu 20 katika gramu 100. Nusu kikombe cha maharagwe yaliyopikwa kina kama 40. Siku nzima ya namna hiyo ni shida kufika miligramu 150.

Hali hii ina madhara yaliyothibitishwa. Nchini Nigeria, madaktari walichunguza watoto wenye matege makali ambao walipata jua la kutosha lakini chakula chao kilikuwa na takriban miligramu 200 tu za kalsiamu kwa siku. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, watoto waliopewa kalsiamu, yenyewe au pamoja na vitamini D, walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Mifupa yao ilikosa malighafi.

Dagaa: mfupa unaoliwa

Kama ungeniuliza chakula kimoja tu cha kuanza nacho, ningesema dagaa. Sababu ni rahisi: samaki mkubwa tunamla nyama na kutupa mifupa, dagaa tunamla mzima, na kalsiamu ya samaki imo mifupani. Gramu 100 za dagaa wakavu zina zaidi ya miligramu 1,000 za kalsiamu, na mara nyingi zaidi sana ya hapo. Iwe dagaa wa Ziwa Victoria (omena kwa jirani zetu wa Kenya), wa Tanganyika au wa baharini, kanuni ni ileile. Uduvi nao wamo kwenye kundi hili, kwa kuwa huliwa na magamba yao. Samaki wa kopo ambao mifupa yake imelainika hadi inatafunika ni kundi hilohilo pia: gramu 100 za sadini pamoja na mifupa zina karibu miligramu 380.

Minofu ya samaki, kwa upande mwingine, ni chakula bora cha kujenga mwili lakini haina kalsiamu ya kutegemea. Vivyo hivyo nyama na kuku.

Kwa mtoto mdogo dagaa hutayarishwa kuwa unga. Chagua waliokaushwa juu ya kichanja au chandarua; waliotandazwa chini wana mchanga, na mchanga huo utaupata kwenye uji. Chambua, osha kwa maji ya vuguvugu mara mbili au tatu, anika tena juani wakauke kabisa, kisha kaanga bila mafuta kwa moto mdogo hadi wavunjike ukiwabana kwa vidole. Twanga au saga, chekecha kwa chekecheo la matundu madogo, na kinachobaki juu kirudishe kwenye kinu badala ya kukitupa, kwani humo ndimo mifupa ilimo. Wengine huondoa vichwa na matumbo kwa sababu ya uchungu. Matumbo sawa, ondoa. Vichwa viache ukiweza, ni mifupa mitupu. Unga uweke kwenye chupa kavu yenye kifuniko na utengeneze wa wiki mbili tu kwa mara moja, maana mafuta ya samaki huchacha.

Mtoto wa miezi 6 anza naye kwa nusu kijiko cha chai ndani ya uji au mboga iliyopondwa, umwangalie siku mbili tatu kama anapata vipele, anavimba midomo au anatapika. Akiwa salama, ongeza polepole. Mtoto wa miaka miwili anaweza kula vijiko viwili vya chakula kwa siku, kama gramu 10, na hapo amepata miligramu 100 au zaidi bila hata kujua kwamba amekula samaki. Dagaa waliotiwa chumvi usimpe mtoto mchanga. Kwa wakubwa, waloweke umwage maji ya kwanza. Chumvi nyingi pia hufanya mwili upoteze kalsiamu kwenye mkojo.

Na supu ya mifupa? Makongoro? Hapa lazima niseme ukweli ambao hautawapendeza wengi. Supu ya mifupa ni tamu na mgonjwa anaifurahia, lakini kalsiamu inayotoka mfupani na kuingia kwenye mchuzi ni kidogo sana. Ule mfupa mgumu uliobaki kwenye bakuli bado una karibu kalsiamu yake yote.

Ulezi si uwele wala mtama

Kati ya nafaka zetu, ulezi hauna mpinzani. Gramu 100 za unga wa ulezi zina takriban miligramu 300 hadi 350 za kalsiamu. Uwele na mtama ni nafaka nzuri kwa mambo mengine, lakini kwa kalsiamu haziukaribii. Nasisitiza kwa sababu majina haya huchanganywa sokoni: ulezi ni ule wenye punje ndogo za mviringo, nyekundu au za kahawia, unaotumika kwa uji, togwa na pombe za kienyeji.

Vijiko vitatu vya chakula vya unga wa ulezi, kama gramu 30, vinatoa kikombe cha uji chenye takriban miligramu 100. Uji wa sembe wa kiasi hichohicho hautoi hata 10. Kwa mtoto anayekunywa uji kila asubuhi, kubadili unga tu ni hatua kubwa kuliko karibu kila kitu kingine unachoweza kufanya.

Ulezi una kasoro moja. Kama nafaka zote za punje nzima, una asidi ya faitiki, ambayo huishika kalsiamu na madini ya chuma na kuzuia sehemu yake isifyonzwe. Bibi zetu walikuwa na dawa yake kabla ya maabara yoyote: kimea na uchachu. Loweka ulezi usiku kucha, mwaga maji, uufunike kwa kitambaa safi chenye unyevu siku moja au mbili hadi uchipue, kisha uanike juani ukauke kabisa ndipo usage. Ukauke kweli, kwani nafaka iliyofungwa na unyevu huota ukungu wenye sumu. Unga wa kimea ukiongezwa kidogo kwenye uji mzito huufanya uwe mwepesi, hivyo unaweza kutia unga mwingi zaidi na mtoto akaumeza kwa urahisi. Togwa na uji uliochachushwa hufanya kazi kama hiyo.

Neno kidogo kuhusu "unga wa lishe". Pakiti yenye picha ya mtoto mnene na orodha ya nafaka kumi si lazima iwe na kalsiamu. Mara nyingi mahindi ndiyo mengi na ulezi umetiwa kwa jina. Muulize anayekusagia ametia kiasi gani, au nunua ulezi wako usagishe mwenyewe. Mchanganyiko wa ulezi na kijiko cha dagaa waliosagwa au karanga ni bora, na ni rahisi kujua kilicho ndani.

Mboga za majani: si zote ziko sawa

Hapa ndipo ushauri wa "mpe mboga za majani" unapokosea njia. Mchicha una kalsiamu nyingi ukiupima, kama miligramu 200 katika gramu 100 za uliopikwa. Lakini mchicha na spinachi zina asidi ya oksaliki, ambayo huikamata kalsiamu na kuifanya ipite tumboni bila kufyonzwa. Watafiti walipopima kwa watu wazima, mwili ulichukua takriban asilimia 5 tu ya kalsiamu ya spinachi, wakati ya maziwa ulichukua zaidi ya robo. Mboga za jamii ya sukuma wiki zilifanya vizuri kuliko maziwa yenyewe: mwili ulichukua kama asilimia 40.

Kwa hiyo kwa ajili ya mifupa, weka mbele mboga za jamii ya kabichi. Sukuma wiki ndiyo kinara. Nusu kikombe cha iliyopikwa kina takriban miligramu 130. Chainizi inafuata, kama 80 kwa nusu kikombe, na mwili unaichukua vizuri. Kabichi yenyewe ina kidogo zaidi, karibu 35, ila ni rahisi na watoto wengi hawaikatai. Mlenda na mgagani zina kalsiamu nyingi pia. Kisamvu kina kalsiamu, lakini lazima kitwangwe na kuchemshwa muda mrefu sufuria ikiwa wazi, kwa sababu majani ya muhogo yana sumu inayotoka kwa kutwangwa na kuchemshwa. Katika hili usifupishe kazi. Matembele na majani ya maboga yana kalsiamu kidogo.

Mtu asisome hapa akaacha mchicha. Mchicha una vitamini A na foliki asidi, na mtoto anauhitaji. Ninachosema ni kwamba usiuhesabu kwenye kalsiamu. Wiki yenye mchicha siku tatu na sukuma wiki au chainizi siku nne ni wiki nzuri.

Kalsiamu ni madini, haiungui kwa moto, lakini huvuja kwenye maji. Mboga ya jamii ya kabichi ikatwe baada ya kuoshwa, ipikwe kwa maji kidogo, muda mfupi, na maji yake yaliwe. Wapo wanaotia magadi ili mboga au maharagwe yaive haraka. Magadi ni chumvi ya sodiamu, si chokaa, na huharibu baadhi ya vitamini. Tena sehemu za Arusha na Kilimanjaro ambako maji yana floraidi nyingi, magadi nayo huwa na floraidi. Floraidi ikizidi huweka madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto na huweza kupinda mifupa, na mtoto mwenye upungufu wa kalsiamu huathirika vibaya zaidi. Kama unaishi huko, acha magadi kabisa na uliza ni kisima kipi kimepimwa.

Ufuta, ubuyu, mlonge

Ufuta wenye ganda lake una karibu miligramu 970 katika gramu 100. Ule mweupe uliomenywa umepoteza sehemu kubwa, kwa kuwa kalsiamu iko gandani. Kijiko kimoja cha chakula cha ufuta usiomenywa kina kama miligramu 80. Lazima usagwe, punje nzima huingia na kutoka zilivyo. Ukaange kidogo, uutwange, utie kwenye uji, mchuzi au ndizi za kupondwa. Karanga zina kiasi cha wastani, na korosho kidogo.

Unga wa ubuyu una takriban miligramu 300 katika gramu 100, pamoja na vitamini C. Nazungumzia unga mweupe wa asili uliochekechwa kwenye mbegu, si ubuyu wa rangi na sukari unaouzwa mlangoni mwa shule. Chungwa moja lina kama 50. Yai moja lina 25 tu.

Mlonge una sifa kubwa kuliko kijiko chake. Majani makavu yaliyosagwa yana kalsiamu nyingi sana kwa uzito, lakini kijiko cha chai cha unga huo ni gramu mbili hivi, yaani karibu miligramu 40. Ni nyongeza nzuri, si dawa ya mifupa kama baadhi ya wauzaji wanavyotangaza. Mjamzito atumie majani tu kama mboga, asiguse mizizi wala magome.

Vyeupe visivyo maziwa

Tui la nazi ni jeupe na wengine huliita maziwa ya nazi, lakini halina kalsiamu ya maana. Maziwa ya soya ya kutengeneza nyumbani yana protini nzuri na kalsiamu kidogo. Ya dukani yanaweza kuwa yameongezewa kalsiamu hadi kukaribia ya ng'ombe. Soma pakiti, tafuta miligramu 120 katika mililita 100, na uitikise vizuri kabla ya kumimina kwa sababu kalsiamu hutuama chini. Hakuna kati ya hivi kinachoweza kuchukua nafasi ya maziwa ya mama kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Mtoto asiyenyonya na asiyeweza maziwa ya ng'ombe anahitaji maziwa maalumu, na hilo ni la kuzungumza na daktari.

Kama tatizo lenu ni tumbo kujaa gesi na kuharisha, si mzio, jaribuni mtindi kidogo. Watu wengi wasiovumilia maziwa wanauvumilia mtindi. Mtoto aliyewahi kuvimba uso au kukosa pumzi kwa sababu ya maziwa asijaribishwe kabisa nyumbani.

Siku moja, sahani kwa sahani

Mrudie yule mtoto wa miaka miwili na nusu. Asubuhi mpe uji wa ulezi (100) wenye kijiko cha ufuta uliosagwa (80). Mchana ale ugali wake uleule wa sembe, lakini mchuzi uwe na vijiko viwili vya dagaa waliosagwa (100 kwa makadirio ya chini) na robo kikombe cha sukuma wiki (65). Saa kumi apate chungwa (50). Jioni ale wali, nusu kikombe cha maharagwe (40) na robo kikombe cha chainizi (40). Jumla ni 475, na juisi ya ubuyu kidogo inamalizia. Siku nyingine atapata 300, nyingine 600. Mifupa inajengwa kwa miezi, si kwa siku moja. Ila mgawanyo una maana: mwili huchukua sehemu kubwa zaidi ya kalsiamu ikija kidogo kidogo kuliko ikija yote kwa mkupuo.

Dada yake wa miaka 13 anahitaji zaidi ya mara mbili ya hayo, na ndiye mara nyingi anayeondoka nyumbani na chai kavu. Kwake yeye sahani ya dagaa wazima, gramu 40 wakiwa wakavu, ni 400 au zaidi kwa mlo mmoja.

Ukiwa mjamzito

Mifupa ya mtoto tumboni hukusanya takriban gramu 30 za kalsiamu, nyingi katika miezi mitatu ya mwisho. Utawasikia wanaosema kila mtoto huondoka na jino la mama yake. Kalsiamu haichotwi kwenye meno. Yanayoharibika wakati wa ujauzito huharibika kwa fizi zinazovimba, kutapika mara kwa mara na kutopiga mswaki, na hayo yanatibika.

Jambo zito zaidi ni presha ya ujauzito inayotangulia kifafa cha mimba. Kwa wanawake ambao chakula chao kina kalsiamu kidogo, vidonge vya kalsiamu hupunguza hatari hiyo, na WHO inapendekeza gramu 1.5 hadi 2 kwa siku kwa wajawazito wa maeneo ya namna hiyo. Vidonge vingi hivyo ni kazi kuvimeza. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na India kwa wanawake 11,000 wa mimba ya kwanza katika kila nchi, matokeo yakachapishwa mwaka 2024, ulionyesha kuwa miligramu 500 kwa siku hazikuwa duni kuliko 1,500 katika kuzuia tatizo hilo. Kwa hiyo uliza kliniki: "Je, mnatoa kalsiamu, na mimi nianze lini?" Ukipewa, usiimeze pamoja na vidonge vya kuongeza damu (FEFO). Zitenganishe kwa saa kadhaa, kwa mfano FEFO usiku na kalsiamu wakati wa chakula cha mchana, kwani zikikutana moja humzuia mwenzake.

Ukipata maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu au nyota, kuvimba uso na mikono, au maumivu ya juu ya tumbo, usisubiri siku ya kliniki. Nenda kituo cha afya saa hiyohiyo, hata usiku.

Kuhusu udongo wa kula unaouzwa sokoni: haukupi kalsiamu ya kutegemea. Huzuia madini ya chuma, na unaweza kuwa na mayai ya minyoo au risasi. Hamu ya udongo mara nyingi huambatana na upungufu wa damu, kwa hiyo mweleze muuguzi bila kuona haya, akupime. Maganda ya mayai nayo yanasifiwa. Kweli ganda moja lina karibu gramu mbili za kalsiamu, na hapo ndipo hatari ilipo: ni mara nne ya mahitaji ya mtoto mdogo kwa siku, tena linaweza kubeba vijidudu. Mtoto usimpe.

Jua

Bila vitamini D mwili hauwezi kuifyonza kalsiamu vizuri, na vitamini D nyingi tunaitengeneza kwenye ngozi kwa jua. Mtoto anayecheza nje anaipata. Anayeikosa ni mtoto wa chumba cha kupanga kisicho na ua, anayefungiwa ndani mchana kutwa, au mchanga anayefunikwa gubigubi kila anapotolewa. Mtoe nje asubuhi, mikono na miguu ikiwa wazi. Jua la kupitia kioo cha dirisha halisaidii. Mnaoishi Ulaya, ambako majira ya baridi jua halitoshi, fuateni ushauri wa kumpa mtoto matone ya vitamini D.

Lini umpeleke mtoto kituo cha afya

Miguu kupinda kidogo kwa nje kwa mtoto anayeanza kutembea ni kawaida, na hunyooka yenyewe kufikia karibu miaka miwili. Mpeleke kama matege yanaongezeka badala ya kupungua, kama yanazidi baada ya miaka miwili, au kama mguu mmoja umepinda kuliko mwingine. Mpeleke pia kama vifundo vya mikono au miguu vimenenepa, kama ukipapasa mbavu unahisi vinundu vimejipanga kama shanga, kama ana mwaka na nusu na bado hatembei, au kama alikuwa anatembea sasa analia akisimamishwa. Degedege kwa mtoto yeyote ni dharura, na kwa mtoto mchanga kalsiamu iliyoshuka damuni ni mojawapo ya sababu zake.

Matege ya upungufu wa kalsiamu yanatibika kwa dawa na chakula, na miguu mingi hunyooka bila upasuaji mtoto akiwahishwa akiwa bado anakua. Nenda na kadi yake ya kliniki, na umweleze daktari anachokula kuanzia asubuhi hadi usiku, pamoja na maji mnayokunywa yanatoka wapi.